Vitanda Vinane vya Chamdothi

Sehemu ya Tisa

Mlango ukafunguka. Na ndani, ndugu msomaji, kulikuwa na vitanda!

Si kimoja wala viwili. Vinane, vinne huku na vinne kule, mashuka meupe, na juu ya kila shuka mwanamke mwenye tumbo kubwa kalala chali akitazama dari.

Mheshimiwa Zione Kamphinda alishika mwimo wa mlango. 

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa samaki, nikukumbushe upesi. Zione ni mbunge wa upinzani, na kwa desturi ya Bunge letu ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali. Kwa miaka mitatu serikali imemkata kila mkulima wa tumbaku fedha kwa kila robota analouza mnadani, eti za kujengea zahanati za wazazi vijijini. Wakulima wameyabatiza makato hayo Kodi ya Kitanda. Ijumaa hii Bunge linapiga kura yawe maradufu.

Zione alisimama bungeni akasema hajaona hata mguu wa kitanda. Kisha akala kiapo mbele ya wabunge wote: "Nionyesheni zahanati moja inayofanya kazi. Nikiiona, nitaachia kiti changu siku hiyohiyo, na kodi yenu ipite!" Aliyemshauri ale kiapo hicho ni kiongozi wa chama chake mwenyewe, Bwana Lyson Kadzakumanja. Alimwambia kitaitikisa nchi.

Basi zahanati ya Chamdothi ndiyo hii. Na iliyotikisika ni Zione.

"Mama Mwenyekiti," alisema Sosten Mbulukwa nyuma yake, "hesabu mwenyewe. Mimi wa chama tawala macho yangu unaweza kuyakataa."

Mbulukwa ni makamu wake kwenye kamati. Ana cheko la mtu aliyeshiba kwa jirani. Alicheka, kisha akapiga chafya mbili.

Walikuwa watatu tu waliofika: Zione, Mbulukwa na karani wa kamati aliyebeba fomu za ukaguzi. Basi la Bunge lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto Kamdidi pamoja na wajumbe wengine na waandishi wote wa habari. Hawa watatu walivua viatu wakavuka kwa miguu. Waandishi walisema kamera haziogelei.

Nesi alisogea. Binti mrembo, gauni jeupe lenye mikunjo ya dukani. "Karibuni. Wagonjwa wote wanaendelea vizuri."

Zione alimwendea mwanamke wa kitanda cha kwanza, mama mnene mwenye pengo la meno ya mbele.

"Hujambo mama. Unaitwa nani?"

"Dolosi, mheshimiwa."

"Umekuja lini?"

"Jana."

"Uchungu umeanza?"

Dolosi alimtazama nesi. Nesi alitazama dirisha.

"Kidogokidogo," alisema Dolosi.

Kitanda cha pili: jana, kidogokidogo. Cha tatu: jana, kidogokidogo. Hata kasuku angebadilisha neno moja.

"Sasa, mama Dolosi," Zione aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "nani anakupikia?"

Dolosi alivuta shuka hadi kidevuni.

Zione akatoka nje mbiombio, akazunguka nyuma ya jengo.

Wewe na mimi tumeuguza. Tunajua hospitali zetu. Nyuma ya wodi ndiko kuna hospitali yenyewe: mabibi, mama wakwe na madada wamepanga mafiga, moshi unawatoa machozi, huyu anasonga nsima, yule anagombania kuni, mwingine anafua vitenge vya mgonjwa. Mwanamke hapelekwi kujifungua bila mtu wa kumpikia. Hata anayechukiwa na ukoo mzima hupata japo shangazi mmoja wa kununa naye.

Hapa palikuwa na majani yaliyofyekwa vizuri. Hapakuwa na figa, jivu wala ganda la muhogo.

"Mbulukwa!" aliita. "Njoo unionyeshe wanakopika!"

Makamu alikuja akipangusa pua. Alitazama majani. Alifikiri kidogo, na mtu wa aina yake akifikiri ujue kuna uongo unavalishwa viatu.

"Jiko ni awamu ya pili ya mradi."

"Na hawa wanawake wanane wanakula nini mpaka awamu ya pili?"

"Serikali inawalisha."

"Serikali gani? Hii yetu?"

"Mama Mwenyekiti, uliapa kuhusu zahanati. Hukuapa kuhusu jiko. Vitanda vipo, wagonjwa wapo, nesi yupo. Tusaini twende, maji yanazidi mtoni." Akapiga chafya nyingine.

Zione alimkazia macho. "Tangu tuingie unapiga chafya. Na mimi koo linaniwasha. Unajua ni nini?"

"Vumbi."

"La tumbaku. Nimekulia mashambani, Mbulukwa. Chini ya chokaa hii kuna banda la kukaushia tumbaku. La nani?"

"La... serikali."

Kabla hajamalizia, honi ililia barabarani.

Naibu Waziri Wyson Chalendewa alikuwa amefika. Gari lake jeupe, refu la miguu, lilikuwa limevuka mto bila taabu. Lilipita kando ya basi lililokwama, likalirushia tope, likaendelea. Kamba ya kuvutia ilikuwa juu ya bodi lake, imekunjwa vizuri.

Aliteremka, tai nyekundu, kitambi mbele. Aliingia mlangoni huku amenyoosha mkono kwa salamu.

Na hapo, msomaji wangu, njia ya mwongo ikafika mwisho wake.

Mama Dolosi alipomwona Naibu Waziri, aliruka kitandani. Akapiga kigelegele kilichotikisa bati! Wanawake wengine sita wakateremka kama waliopigiwa filimbi, wakajipanga mstari, wakaanza kucheza na kuimba kumsifu Naibu Waziri, baba wa maendeleo, simba wa wilaya. Viuno vilizunguka. Vumbi lilitimka. Kutoka chini ya vitenge, matumbo yakaanza kudondoka: mto wa kiti, furushi la nguo, sweta la mtoto wa shule.

Mazoea yana taabu. Hao walikuwa kikundi cha ngoma cha wanawake wa chama tawala. Miaka yote walifundishwa jambo moja: mkubwa akifika, mnacheza. Aliyewalaza vitandani alisahau kuwafundisha wasiamke.

"Laleni!" alifoka Naibu Waziri. "Rudini mlale, washenzi nyie!"

Dolosi alisimama na mto mikononi. Uso wake ulijaa aibu, aibu ambayo haikuwa yake. "Tusamehe, bwana mkubwa. Tumesahau."

Zione alicheka hadi akashika ukuta. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyefufuka.

"Andika, karani! Andika kwamba katika zahanati ya Chamdothi wagonjwa wanapona kwa kumwona Naibu Waziri!"

"Karani haandiki kitu," alisema Chalendewa. "Nani mwingine ameona? Waandishi wako wapi?"

"Nimeona mimi. Ameona makamu."

"Mimi nilikuwa napiga chafya," alisema Mbulukwa.

Mimi ninayeandika haya nimeshakaa na wanasiasa miaka mingi, na mate ya kuwatemea yameniishia. Lakini kwa Mbulukwa huyu ninatafuta mengine.

Zione alikuwa anafungua kinywa amjibu, na hapo sauti ikatoka nyuma ya mstari wa wachezaji. Haikuwa kigelegele. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayejizuia.

Kitanda cha tano. Mmoja hakuwa ameamka.

Dolosi ndiye aliyemfikia kwanza. Alifunua shuka. Hapakuwa na mto. Godoro lilikuwa limelowa.

"Mungu wangu," alisema. "Huyu ni wa kweli."

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, jasho linamtiririka. Kando ya kitanda alikuwa ameweka vitu vyake kama tunavyoagizwa sote: beseni, wembe mpya kwenye karatasi yake, mshumaa, vitenge viwili vilivyofuliwa.

Zione alipiga magoti. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Enelesi."

"Na wewe walikuambia ulale tu?"

"Hapana, mama." Alishika mkono wa Zione kwa nguvu. "Mimi nimekuja kujifungua. Tulisikia zahanati imefunguliwa. Nimekuja na mama mkwe wangu alfajiri. Yeye walimfukuza, wakasema hapa hakuna kupika. Mimi wakaniambia nipande kitandani nisiseme neno. Nimekaa kimya, mama. Nimekaa kimya sana, lakini sasa nashindwa."

Niandike nini hapo? Walimtafuta mwanamke mmoja mwenye tumbo la kweli ili uongo wao ukolee, na walipompata wakamwambia anyamaze.

"Nesi!" aliita Zione. "Njoo!"

Nesi alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Alikuwa analia.

"Mimi ni mwalimu wa kwaya," alisema. "Waliniambia nitavaa tu."

Dolosi alipekua kwa mkono wa mama aliyezaa watoto saba, akainua uso. "Mtoto hajakaa vizuri. Mkono umetangulia. Hapa hatuwezi. Hospitali, sasa hivi."

Hospitali ilikuwa kilomita arobaini, ng'ambo ya mto uliojaa. Gari lilikuwa moja tu. Miaka sita nyuma dada yake Zione aliwekwa juu ya baiskeli kwenye barabara hiihii akiwa na mimba ya miezi tisa, na baiskeli ilifika na maiti. Zione hakuhitaji kuelezwa.

"Naibu Waziri, gari lako."

Chalendewa alitazama saa yake. "La nini?"

"Hujasikia? Mtu anakufa!"

"Mheshimiwa, punguza sauti, hapa kuna wagonjwa. Mimi siwezi kutoa mgonjwa kwenye zahanati inayofanya kazi. Nitaeleza nini? Kwamba haifanyi kazi?"

"Eleza unachotaka! Toa ufunguo!"

"Tena nesi yupo."

"Mwalimu wa kwaya!"

"Kila mtu alianzia mahali."

Enelesi alitoa ukelele uliowafanya wanawake wote wajishike vichwa. Naibu Waziri alingoja ukelele uishe, kama mtu anayengoja gari moshi lipite ndipo aendelee na mazungumzo.

"Lakini," alisema kwa upole, "zahanati ikishakaguliwa na kupitishwa na kamati, hata ikizidiwa na mgonjwa mmoja si ajabu. Hata za Ulaya huzidiwa. Hapo tunasema anapewa rufaa. Na kwa mgonjwa wa rufaa, gari langu lipo. Dereva yupo. Mafuta yapo." Alinyoosha mkono. "Karani, fomu."

Karani alitoa karatasi.  Ilikuwa imeshajazwa kwa taipu: Kamati imeikagua zahanati ya Chamdothi na kuikuta inafanya kazi. Mbulukwa alikuwa ameshatia sahihi yake, na wino ulikuwa umekauka.

Zione aliisoma mara mbili. Akisaini, kiapo chake mwenyewe kitamla. Kiti kitaondoka. Ijumaa kodi itapita maradufu, na kila mkulima wa nchi hii ataambiwa: mwanamke wenu aliona vitanda kwa macho yake.

"Wewe ni binadamu kweli?" alimuuliza.

"Mimi ni Naibu Waziri."

"Mama," aliita Enelesi. Sauti ilikuwa imepungua. "Mama, usiondoke."

Najua mtamwandikia mhariri. Wengine mtasema angempokonya ufunguo, wengine mtasema mwanamke mmoja hawi sawa na wakulima laki tatu. Andikeni. Ninyi hamkushikwa mkono ule.

Zione alichukua kalamu akasaini.

Chalendewa aliupulizia wino, akakunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani. "Bizeck!" alimwita dereva wake. "Mpeleke mgonjwa wa rufaa. Lakini ngoja." Akaenda kitanda cha tatu, akachana nailoni mpya ya godoro, akampa. "Tandika hii kwanza. Viti vyangu ni vya kitambaa."

Mama Dolosi alimwendea hadi kitambi kikagusa mto aliokuwa bado ameushika. Akautupa miguuni pake. Akachomoa kwenye kitenge pakiti ya sukari waliyopewa asubuhi kila mmoja, akaiweka juu ya mto.

"Sukari yako hiyo, baba wa maendeleo," alisema. "Nimekuchezea miaka kumi na moja. Leo ndiyo nimeona nilichokuwa nachezea."

Akainama, akambeba Enelesi kama mtoto. Wanawake sita walimfuata nyuma, kimya. Siku ile Naibu Waziri alisindikizwa na mgongo wa kikundi chake mwenyewe.

Gari likaondoka.

Ndani, Enelesi alilala juu ya ile nailoni, kichwa mapajani mwa Zione, Dolosi miguuni. Bizeck aliendesha akikwepa mashimo.

"Ongea naye, mheshimiwa," alisema Dolosi. "Asilale. Akilala tumemkosa."

"Enelesi! Enelesi mwanangu, nisikilize. Mumeo yuko wapi?"

"Shambani... tunalima tumbaku. Sisi ni vibarua, si yetu."

"Shamba liko hapo Chamdothi?"

"Banda lile... ndimo tulimofungia majani. Misimu minne." Alivuta pumzi. "Nilipoliona limepakwa chokaa nilifurahi. Nikamwambia mama mkwe, jamani, bwana ametukumbuka. Ametoa banda lake tuzalie."

 Zione aliinama karibu zaidi.

"Bwana gani, Enelesi? Naibu Waziri?"

"Huyo namjua kwa kuja tu. Wiki mbili zilizopita walikuja wote wawili, wakapeana mikono mlangoni, wakacheka." Macho yalianza kumfunga. "Mwenye banda ni bwana wa chama chenu, mama. Bwana Kadzakumanja."

Dolosi aliinua kichwa. Bizeck aliangalia kwenye kioo, kisha akarudisha macho barabarani haraka.

Kadzakumanja! Kiongozi wake. Aliyempa uenyekiti, akamwandikia kiapo kwa mkono wake, akamwambia apae nacho bungeni. Miaka mitatu Zione alikuwa akiuliza nani amekula Kodi ya Kitanda, na kila Jumapili alikuwa akila wali na samaki mezani kwake.

Alifungua kinywa amuulize Enelesi tena. Hakupata nafasi.

"Mto huo!" alisema Bizeck.

Kamdidi ulikuwa umepanda, maji mekundu, yanakwenda kwa kelele. Ng'ambo basi la Bunge lilikuwa bado limekwama. Waandishi walikuwa wameketi juu ya paa wakila mandazi. Bizeck aliingiza gari majini taratibu. Maji yalipanda hadi kwenye milango. Injini ilikohoa, ikashika. Enelesi alipiga kelele moja ndefu, na Dolosi akasema, "Usisukume, binti yangu, usisukume bado, nakuomba!"

Magurudumu ya mbele yalipanda ukingo. Wamevuka!

Na hapo Bizeck akakanyaga breki.

Katikati ya barabara, suti ya kijivu, suruali imekunjwa juu ya viatu safi, alisimama mtu mmoja ameinua mkono. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyejua kwamba angekuja. Alitembea hadi kwenye dirisha la nyuma, akaegemeza kiwiko, akaingiza kichwa ndani kwa tabasamu la baba mwenye nyumba.

Hakumtazama msichana aliyekuwa akifa chini ya pua yake.

"Dada Zione," alisema Bwana Lyson Kadzakumanja, "umeshasaini?"